Nani alikuwa karibu na sufuria?

MBARAKA: Assalam aleikum. Na ndugu zetu msio Waislamu, habari za jioni. Tunarekodi Alhamisi ya Ramadhani, Machi 2025, saa kumi na moja na robo, magharibi hapa Leicester ni kumi na mbili na dakika ishirini hivi. Mkisikia mngurumo, si maikrofoni, ni tumbo la Zuhura.

ZUHURA: Langu limelelewa, halingurumi mbele ya watu. Na leo nina karatasi.

MBARAKA: Ana karatasi, jamani.

ZUHURA: Mambo matatu ya kuwaambia kina mama wanaojifungulia nchi hii. Lakini kwanza tuzungumze ya Liverpool, ule uchunguzi wa vifo vya watoto wachanga wa hospitali ya Countess of Chester, alikohukumiwa muuguzi Lucy Letby kwa kuwaua, maana wiki hii mawakili wamefunga hoja zao na sisi wauguzi huko kazini hakuliki wala hakulaliki. Mbaraka, leo mambo matatu tutayafikia.

MBARAKA: Tutayafikia. Ila kwanza niseme niliyofanyiwa Jumamosi.

ZUHURA: Ya Rabbi. Watu washasikia.

MBARAKA: Hawajasikia kutoka kwa mshitakiwa! Futari ya jumuiya, ukumbi umejaa, watu mia na ushei. Uji upo, kaimati zipo, mbatata za nazi zipo. Pilau inafunuliwa, moshi. Imeungua chini mpaka juu. Watu wameswali, wana njaa, wakaunda tume. Swali la kwanza la tume si nani alipika. Swali ni nani alikuwa karibu na sufuria.

ZUHURA: Nawe ulikuwa karibu.

MBARAKA: Nilipita kuchukua maji! Shangazi mmoja, simtaji, akainuka na kumbukumbu zake. Arusi ya Coventry mwezi wa nane, pilau iliungua, Mbaraka alikuwepo. Maulidi ya Birmingham, iliungua, Mbaraka alikuwepo. Na leo, huyu hapa. Kuna kijana anasoma chuo, akachukua sahani ya karatasi akachora jedwali. Pilau tatu kwa upande, majina juu, alama za mkato. Safu yangu imejaa. Wengine wote wana mapengo.

ZUHURA: (anacheka) Sahani ninayo. Niliipiga picha.

MBARAKA: Nikawauliza, mbona hamkuandika pilau zilizoiva nami nipo?

ZUHURA: Nani hukumbuka pilau iliyoiva, Mbaraka?

MBARAKA: Haya. Na ile ya Luton iliyoungua nikiwa nyumbani Tanga? Shangazi akasema ile haikuungua, ile ilifanya ukoko.

ZUHURA: Ukoko si kuungua. Ukoko watu hugombania.

MBARAKA: Dada, ile ya Luton ulikuwepo. Ilikuwa ukoko?

ZUHURA: Ilikuwa… ilikuwa nyeusi. Lakini ukoko.

MBARAKA: Mmemsikia. Nikiwepo, imeungua. Nisipokuwepo, ni ukoko. Sasa nenda kwenye kesi. Waendesha mashtaka waliwaonyesha jopo la raia wanaoamua kesi jedwali la zamu. Matukio 25, wafanyakazi 38, na mmoja tu, Lucy Letby, ana alama kila mstari. Mimi nauliza swali la Luton: vipo vifo na watoto kuzidiwa ambako yeye hakuwa zamuni? Hayo nani aliyaita ukoko?

ZUHURA: Hapo nakusimamisha. Usiwafananishe watoto wa watu na mchele.

MBARAKA: Sifananishi watoto na mchele. Nafananisha hesabu na hesabu.

ZUHURA: Na mimi nakuambia mzazi akisikiliza hapa hasikii hesabu, asikia kicheko. Kwa hiyo wacha niyaseme kama yalivyo. Juni 2015 hadi Juni 2016, wodi ya watoto wachanga. Baada ya kesi ya miezi kumi pale Manchester, Agosti 2023, alihukumiwa kwa kuua watoto saba na kujaribu kuua wengine sita. Kifungo cha maisha, hakuna kutoka. Mwaka jana akapatikana na hatia ya kujaribu kuua mtoto mwingine mmoja. Mahakama ya Rufaa imemkatalia mara mbili mwaka huo huo. Na jedwali halikuwa peke yake. Kulikuwa na vipimo vya insulini kwa watoto wawili. Kulikuwa na karatasi za kupokezana zamu 257 ambazo polisi walizikuta kwenye msako. Kulikuwa na kijikaratasi kwa mkono wake, ameandika yeye ni mwovu na amefanya hili.

MBARAKA: Na kwenye kijikaratasi hicho hicho akaandika hajafanya kosa lolote. Tusome mistari yote.

ZUHURA: Sawa, yote.

MBARAKA: Kisha utetezi. Kesi ya miezi kumi, unajua zaidi ya yeye mwenyewe walimwita shahidi nani?

ZUHURA: Fundi bomba.

MBARAKA: Fundi bomba! Mmoja! Aje aeleze maji machafu yalivyokuwa yakirudi nyuma hospitalini. Mimi hata kwenye tume ya Jumamosi nilipata mashahidi wawili.

ZUHURA: Mmoja mwanao, ana miaka sita.

MBARAKA: Aliapa.

ZUHURA: (anacheka) Haya, lakini hili la fundi bomba ndilo lililonifanya nitake tuzungumze watu walivyopokea mambo haya. Mwaka 2023 kuna mwenzangu kazini alisema kwa huyu dawa ni kamba. Mei mwaka jana jarida la Marekani likaandika habari ndefu ya kutilia shaka, hapa Uingereza wakati ule hukuweza kuifungua kwenye mtandao, watu wakawa watumiana picha za kurasa kwenye WhatsApp kama magendo. Sasa huyo huyo wa kamba ananishika mkono chumba cha chai, “Zuhura, yule binti ameonewa.” Mara ya kwanza hakuwa amesoma chochote, na mara ya pili alisoma picha tatu zenye ukungu. Watu wamegeuza vifo vya watoto kuwa Simba na Yanga.

MBARAKA: Hilo la Simba na Yanga nakubali. Lakini kuna waliogeuka kwa sababu. Februari hii, London, jopo la wataalamu 14 chini ya Dakta Shoo Lee wa Kanada limesema limepitia mafaili na halikuona mauaji, limeona maradhi na huduma mbovu. Na huyo Shoo Lee si mpita njia. Makala yake ya 1989 kuhusu hewa kuingia kwenye mishipa ya watoto wachanga ndiyo upande wa mashtaka uliyoitegemea. Mwenye makala anasema mmeisoma vibaya!

ZUHURA: Aliyasema mbele ya waandishi wa habari. Kuna tume ya kupitia kesi zilizoamuliwa, mawakili wake washapeleka maombi. Na wapeleke. Hapo ndipo mahali pake. Mimi ninachokataa ni mama aliyezika kuwasha redio asubuhi akaambiwa mwanao hakuuawa, kisha jioni aambiwe aliuawa, kisha kesho… Septemba, Jaji Thirlwall alipofungua uchunguzi pale Liverpool, alisema kelele hizi zinawaongezea wazazi mateso, na kwa anavyojua zote zatoka kwa watu ambao hawakuwepo kwenye kesi.

MBARAKA: Bila kelele, Lucia de Berk angekuwa ndani mpaka leo. Muuguzi wa Uholanzi, alihukumiwa 2003, jedwali la zamu vilevile. Wakaambiwa bahati mbaya kama ile ni moja katika milioni 342. Wataalamu wa takwimu wakapiga kelele miaka, 2010 mahakama ikamwachia huru. Hakuua mtu.

ZUHURA: Mahakama ikamwachia. Umesema mwenyewe.

MBARAKA: Baada ya kelele!

ZUHURA: Na kwa kila Lucia, wangapi wamepigiwa kelele na walikuwa na hatia? Hao unawaandika wapi? Au hao ni ukoko?

MBARAKA: …Hiyo umenipiga nayo vizuri.

ZUHURA: Nimefunga, sijafungwa mdomo.

MBARAKA: Lakini wewe mwenyewe dada. Uliniambia jambo la yule kijana wa mgonjwa. Liseme.

ZUHURA: Haina haja.

MBARAKA: Liseme.

ZUHURA: Baada ya hukumu ile, wiki hiyo hiyo, nilikuwa nampa dawa bibi mmoja, mwanawe akaniomba nimwonyeshe sindano kabla. Kwa adabu, hakunitusi. Akahesabu na akaandika jina langu kwenye simu. Nikaenda msalani, nikakaa. Miaka kumi na moja ya kazi.

MBARAKA: Na wewe ndiye mwenye zamu za ziada kuliko wote pale. Letby naye alikuwa hivyo, mtu wa kuchukua zamu za wenzake. Siku wodi yenu ikipata mwezi mbaya, safu ya nani itajaa?

ZUHURA: Zamu zangu za ziada ni ada za shule Mombasa, usinitie kwenye sahani yako. Na nikwambie, ndiyo, naogopa. Ninaogopa na bado sikubaliani nawe. Maana unasahau swali la uchunguzi wenyewe. Haukuundwa kumhukumu yeye tena. Umeundwa kuuliza madaktari bingwa walipoanza kusema kuna jambo, wakubwa walifanya nini. Walimtoa wodini Julai 2016. Polisi wakaitwa Mei 2017. Katikati hapo, madaktari waliosema walilazimishwa kumwandikia yeye barua ya kuomba radhi. Barua, Mbaraka! Sasa wiki hii mawakili wa wale wakubwa wanamwambia Thirlwall asimamishe uchunguzi, kwa kuwa hukumu ina shaka. Amekataa, na mimi nasema vizuri.

MBARAKA: Unaona wanajikinga.

ZUHURA: Naona kila mtu anayesema “binti kaonewa” anawabebea mwavuli wale waliofunga watu midomo. Hata bila kujua.

MBARAKA: Na mimi naona ukijenga ripoti nzima juu ya msingi ambao huenda ni mchanga, ripoti itaanguka nao. Kama hakuna aliyeua, basi somo la “wasikilizeni madaktari wakimshuku mwenzao” ni somo baya. Litatutengenezea majedwali zaidi. Mwaka 2016 chuo cha madaktari wa watoto kilikwenda kukagua wodi ile, kikakuta wafanyakazi hawatoshi. Hilo halina mjadala. Tungeanzia hapo.

ZUHURA: Hawatoshi kila mahali. Mimi nishawahi kubaki na wagonjwa ambao idadi yao siwezi kuisema hewani. Watu hawatoshi, na pia kuna wakubwa wasiosikiliza, na pia huenda kuna mtu mbaya. Hayo matatu yanaenea chumba kimoja. Wewe wataka moja lifute mengine.

MBARAKA: Sitaki lifute. Nataka tusimame kwanza tuhakikishe.

ZUHURA: Wazazi wamesimama tangu 2015.

MBARAKA: Na akiwa hana hatia naye amesimama.

ZUHURA: Nimekusikia. Sikubali.

MBARAKA: Sikubali pia.

ZUHURA: Basi.

MBARAKA: Basi.

(kimya)

MBARAKA: Sahani lakini nirudishie.

ZUHURA: Sahani ni kielelezo, inakaa kwa tume. Na Idi umekatazwa jikoni, shangazi ameniambia. Umepangiwa viti.

MBARAKA: Nimetolewa wodini!

ZUHURA: Mbaraka…

MBARAKA: Samahani. Hapo nimepita mpaka. Samahani kweli.

ZUHURA: Nimecheka kidogo, na nimejichukia. Endelea.

MBARAKA: Ila nikwambie la kweli. Jumamosi ilikuwa mzaha, watu wanacheka, lakini nilipoiona ile safu imejaa alama, mimi mwenyewe nilianza kujiuliza. Je, niligusa moto? Nilipopita kuchukua maji, mkono haukugusa swichi ya jiko? Mpaka sasa sina hakika. Ndipo nikaenda kusoma kesi nzima, usiku, kwenye gari, nasubiri mzigo.

ZUHURA: Hukuwahi kuniambia hilo.

MBARAKA: Ningekuambia ungesema nimekiri.

ZUHURA: Ungekuwa umekiri. (anacheka) Na ile Coventry?

MBARAKA: Ile Coventry mpishi aliondoka kwenda kuangalia bibi arusi akiingia! Watu arobaini walimwona! Mbona yeye hana alama?

ZUHURA: Alikuwa akipika, yeye hahesabiwi. Huhesabiwa walio karibu.

MBARAKA: Sikia mwenyewe unavyosema.

ZUHURA: Nimejisikia. Usinichukue huko, saa ngapi?

MBARAKA: Kumi na mbili na dakika kumi na nne.

ZUHURA: Wallahi? Karatasi yangu! Haya, haraka. Mambo matatu. La kwanza, ewe mama, mwanao akipunguza kucheza tumboni kuliko ulivyomzoea, piga simu wodi ya uzazi saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi, usingoje miadi, usione haya kwamba jana ulipiga ukaambiwa yuko salama. Piga tena. Na Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani, ni haki yako na hulipi. Usimtumie mtoto wako wa miaka minane akutafsirie. Kulikuwa na mama mmoja, si hospitali ya kwangu, alikuja na kijana wake na yule mtoto kwa haya akawa anaruka maneno, kila linalohusu…

MBARAKA: Dada, dakika tatu, na tende ziko kwenye gari.

ZUHURA: Kwenye gari zafanya nini?

MBARAKA: Nimekatazwa jikoni.

ZUHURA: La pili ni karatasi za…

MBARAKA: La pili wiki ijayo.

ZUHURA: Wiki ijayo nina zamu za usiku mfululizo. Halafu Idi.

MBARAKA: Zamu za ziada?

ZUHURA: Kachukue tende, Mbaraka.

(adhana kutoka kwenye simu)

ZUHURA: Allahu akbar. Hii huzimwa wapi? Hiki cha buluu?