Mifuko mitatu ya mtayarishaji wa filamu

Mhadhara kwa vijana wa sinema na video, Lubumbashi

Mama na baba, wandugu, vijana wa kamera, jioni njema.

Mwongozaji wa filamu anajibu swali moja kubwa: picha itakuwaje. Mtayarishaji anajibu matatu: nani analipa, nani atamiliki, na kitu kikiharibika hasara ni ya nani. Hapa kwetu pesa inatoka mifuko mitatu. Kuna mfuko wa chapa, yaani kampuni za migodi, za simu, za bia, benki na mashirika ya misaada yanayotaka filamu zao. Kuna mfuko wa televisheni. Kuna na mfuko wa filamu yako mwenyewe. Kila mfuko una majibu yake kwa maswali yale matatu, na kampuni changa hupotea zikiingia mfuko mmoja na mkataba wa mfuko mwingine.

Nitakaa zaidi kwenye mfuko wa chapa, maana ndio unaolipa kodi ya nyumba.

Idara ya ununuzi ya mgodi hailipi mtu, inalipa namba. Kabla hujataja bei, uwe na namba ya RCCM, yaani ya rejista ya biashara, na namba ya kodi. Bila hizo utafanya kazi kwa jina la kampuni ya mwenzako, na pesa itapita kwake kwanza. Halafu kuna TVA, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Kama umeandikishwa kuitoza, iandike kwenye proforma, ile karatasi ya bei kabla ya kazi, tangu siku ya kwanza. Ukisema "dola 10,000" kwa mdomo, mteja akaelewa kodi imo ndani na wewe ukaelewa haimo, utagundua siku ya faktura, yaani ankara, kwamba dola 1,379 ni za serikali na umebaki na 8,621.

Baada ya bei, tazama tarehe za malipo, maana hapo ndipo wengi wanapozama. Tuseme kazi ni ya dola 10,000 na siku za kupiga picha zinakula 6,000: wafanyakazi, magari, mafuta, vifaa vya kukodi, chakula. Mteja anatoa nusu mwanzoni. Tayari umepungukiwa 1,000 kabla ya picha ya kwanza, na salio litakuja siku 30 au 60 baada ya faktura. Dawa ni mbili. Ama uombe avansi, yaani malipo ya mwanzo, ya asilimia 60, ama ugawe malipo mara tatu: 50 mkataba ukitiwa sahihi, 30 skripti ikikubaliwa, 20 wakati wa kukabidhi. Angalia hiyo ya kati: ifunge kwenye skripti, usiifunge kwenye "toleo la kwanza la video". Skripti inakubaliwa kabla hujatumia pesa, toleo la kwanza linakubaliwa ukiwa umeshamaliza kila kitu. Andika pia mkataba ni wa dola au wa franka, na kwa kiwango cha siku gani. Na anayekwenda kuchukua pesa taslimu azikague noti za dola akiwa bado dirishani benki. Noti iliyochanika kidogo pembeni hakuna dereva wala muuza mafuta atakayeipokea, wote mnajua.

Sasa marekebisho. Filamu ya chapa ya dakika tatu inaweza kuwa na mabosi watano: wa mawasiliano hapa Lubumbashi, mkuu wake Kinshasa, mwanasheria, mtu wa usalama kazini, na mwenye hisa aliye nje ya nchi. Kila mmoja anatuma sauti ya WhatsApp usiku, na maoni yao yanagongana. Mkataba utaje mtu mmoja mwenye haki ya sahihi. Maoni yaje kwenye karatasi moja, kila oni likiwa na dakika na sekunde yake. Yawe marekebisho mawili ndani ya bei. La tatu lina bei yake, iandikwe. Kisha kuna kufunga uhariri: siku hiyo urefu na mpangilio wa picha haviguswi tena, ndipo rangi, muziki na sauti vinaanza kazi. Mteja akidai utoe sekunde mbili baada ya hapo, kwake ni sekunde mbili tu. Kwako muziki umeruka mdundo, sauti zote zinazofuata zimesogea, maandishi ya tafsiri yamepitwa, na fundi sauti anafungua upya kazi aliyoilipisha. Mwonyeshe jambo hili kwa bei, kabla.

Na usimtumie mteja video ya kuidhinisha kwa njia ya kawaida ya WhatsApp. WhatsApp inaibana, vivuli vinageuka miraba, rangi ya chapa inabadilika, naye atakuandikia kwamba video "imechafuka". Tuma kiungo cha kupakua, jina la mteja likiwa limeandikwa juu ya picha nzima mpaka alipe.

Kupiga picha mgodini kunataka sura yake. Siku ya kwanza usiipangie picha hata moja. Kutakuwa na mafunzo ya usalama, kipimo cha pombe getini, orodha ya namba za vifaa vyote, na kusubiri gari lenye bendera na redio litakalowasindikiza. Kila mtu avae kofia ngumu, viatu vyenye chuma mbele, gilee ya kung'aa na miwani. Uliza saa za kulipua, maana shimo linafungwa na hamtaingia. Jambo linaloumiza zaidi linakuja wiki mbili baadaye, kwenye uhariri: nyuma kabisa ya picha yako nzuri, mfanyakazi mmoja amepandisha miwani juu ya kofia ili ajifute jasho. Idara ya usalama itaikataa picha hiyo yote, na ina haki, kwa sababu kampuni haiwezi kuonyesha hadharani kosa inalowaadhibia watu wake. Kurudi mgodini ni siku mbili nyingine. Kwa hiyo kwenye kila pozi la kamera weka mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama miwani, glavu na mikanda ya nyuma ya picha, wala asitazame kitu kingine. Mshahara wake wa siku ni mdogo kuliko mafuta ya safari moja ya kurudi.

Ruhusa za mjini nitazipitia haraka. Barua ya meri, yaani meya, na ya komini, na watu wa usalama wajulishwe. Kambi za jeshi, uwanja wa ndege na madaraja si pa kuelekezea kamera. Droni inahitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga, na barua ya meri haitoshi. Terili yetu, ule mlima wa mabaki ya shaba ulio kwenye kadi zote za posta, ina wenyewe: nao waombwe.

Umeme. SNEL, shirika la umeme, ikikata, jenereta ndiyo siku yako, basi ijue. Jenereta ya kVA 5 inatoa kama kilowati 4, na kwa kazi ya saa nyingi usiipakie zaidi ya robo tatu, yaani kilowati 3. Jumlisha wati za taa zote, chaja, kompyuta na birika la umeme la chai. Birika peke yake ni wati 2,000, na ndilo linalozima seti. Jenereta ikae mbali, meta 50, nyuma ya ukuta, upande ambao upepo unapeleka sauti nje. Lakini waya wa meta 50 wa unene wa milimita mraba 1.5, ukibeba ampea 10, unapoteza karibu volti 12 njiani. Chukua wa 2.5 upotevu ushuke hadi 7. Tunaishi katika mji wa shaba na bado tunakodi waya mwembamba! Waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake ukunjuliwe wote kabla ya kuwasha taa, la sivyo unajichemsha wenyewe mpaka plastiki inayeyuka.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Piga fremu 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa mwanga kuingia kwa kila fremu, iwe 1/50. Ukisahau kamera kwenye 30 na 1/60, taa za nyumbani zitapepesa ndani ya picha. Kwenye kioo kidogo cha kamera hutaona kitu, utaona ofisini, na hakuna programu itakayolitibu kwa usafi.

Jua nalo lina kalenda. Mwisho wa Oktoba na katikati ya Februari linasimama utosini adhuhuri, macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi. Piga nyuso mpaka saa nne asubuhi, kisha baada ya saa tisa alasiri, na katikati ingia ndani. Juni na Julai mwanga ni mtamu lakini jua linazama mapema, karibu na saa kumi na mbili jioni, na vumbi jekundu linakaa kwenye lenzi. Masika usipange mazungumzo ndani ya nyumba ya mabati bila dari. Mvua ikianza, fundi sauti afunge begi.

Chakula kiandikwe kwenye karatasi ya siku kama tukio jingine lolote, na saa yake. Mtu wa hapa ambaye hajaona bukari, ugali wetu, mpaka saa tisa hashikilii vizuri fimbo ya maikrofoni, utamsikia kwenye rekodi.

Usiku, kadi. Video ya megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo kamera mbili zikirekodi saa tatu kila moja ni 270 kwa siku. Nakala tatu, kwenye vyombo viwili vya aina tofauti, moja ilale nyumba nyingine. Kompyuta inayonakili iwe kwenye ondulere, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme, maana umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili linaonekana lipo, jina lipo, na halifunguki. Nakili kwa programu inayolinganisha faili kwa faili. Kadi haifutwi mpaka mtu wa pili amefungua picha za mwanzo, za kati na za mwisho.

Na nani anamiliki? Kwenye mfuko wa chapa mteja atataka "haki zote, milele, dunia nzima". Muuze matumizi: miezi 12, Kongo, televisheni na mitandao. Mabango ya barabarani yana bei nyingine, na uso wa mwigizaji kwenye bango unalipwa upya. Picha ghafi zisizotumika zibaki kwako, au zinunuliwe. Akikataa vyote, sawa, lakini bei ipande, na mkataba wa waigizaji ulingane na ulichomuuzia. Hauwezi kuuza miaka mitano ya uso uliouajiri kwa mwaka mmoja.

Mfuko wa televisheni ni mwembamba hapa. Mara nyingi kituo hakinunui kipindi: anayeleta kipindi ndiye anayelipia nafasi, na mtayarishaji anatafuta mdhamini wa kuifidia. Ukiingia hivyo, hesabu yako ni ya msimu mzima. Uza udhamini wa vipindi 13 kabla ya kupiga cha kwanza, na piga vitatu au vinne kwa siku moja, studio ileile, nguo za kubadilisha. Vituo vya nje vinanunua kwa vipimo: dakika 26 au 52, fremu 25, na sauti kwa wastani wa LUFS -23, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa kawaida ya Ulaya. Sauti ya YouTube huwa juu zaidi, na kituo kitairudisha kazi yako bila hata kutazama picha. Weka pia njia ya muziki na milio bila mazungumzo. Kipindi cha Kiswahili chenye njia hiyo kinaweza kutiwa sauti za Kifaransa, kisicho nayo kinabaki na maandishi ya chini tu.

Filamu yako mwenyewe sasa. Skripti ichambuliwe kwa sehemu za nane za ukurasa, yaani kila ukurasa unagawanywa vipande vinane. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, na kikundi kidogo kinapiga kurasa 3 mpaka 5 kwa siku. Filamu ya kurasa 90 ni siku 18 ukiwa mkali, 30 ukiwa mpole. Akiba ya dharura ni asilimia 10, usiiguse mpaka wiki ya mwisho.

Mfuko wa fedha wa nje, kwa mfano ule wa sinema wa Francophonie, utauliza karatasi kabla ya sanaa. Ya kwanza ni mkataba unaoonyesha mwandishi amekuhamishia haki za skripti, hata kama mwandishi ni ndugu yako, hata kama ni wewe mwenyewe. Baada yake watataka mpango wa fedha wenye barua za kuuthibitisha. Vifaa vyako unaweza kuviweka kama mchango, kwa bei ya kukodi ya soko.

Muziki ndio mtego. Mtu anasema: nitaweka gitaa la zamani la Katanga, ni urithi wetu. Chukua mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Kuna haki mbili hapo. Utunzi ni wa warithi: Mwenda alifariki 1990, na sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inaulinda kwa miaka 50 baada ya kifo. Rekodi yenyewe ina mwenye nayo mwingine. Unahitaji sahihi mbili. Ukimleta mpiga gitaa wa leo aupige wimbo uleule studio, umeondoa sahihi ya rekodi, ile ya warithi inabaki. Tafuta majibu haya kabla ya uhariri. Mwongozaji akishazoea wimbo kwenye picha, hatakubali mwingine, na mwenye wimbo akijua hivyo bei yake inapanda.

Jambo la mwisho ni kasi ya picha. Sinema na matamasha zinaonyesha kwa fremu 24. Filamu ya dakika 90 iliyopigwa kwa 25 ikipunguzwa kasi inakuwa dakika 93 na sekunde 45, na sauti za watu zinashuka kidogo zisiporekebishwa. Amueni siku ya kwanza kama hii ni filamu ya ukumbini au ya televisheni, na ukichagua 24, shata ibaki 1/50 kwa sababu ya zile taa.

Karatasi mbili ziko mezani pale, mfano wa ratiba ya malipo na mfano wa karatasi ya siku. Chukueni, kisha tuanze maswali na waliokaa nyuma.