Majusi Hakuwa Mchawi

Ndugu zangu, neno majusi, jina la wale wageni wa mashariki waliokuja kumwona mtoto Yesu, limeonewa vya kutosha. Kila Krismasi ikikaribia naulizwa lile lile: "Mwalimu, si walifuata nyota? Basi ni wanajimu." Mvuvi naye huangalia nyota apate kurudi nyumbani, na hakuna anayemwita mnajimu.

Twendeni kwenye jiwe. Magharibi ya Iran, kwenye mlima wa Bisitun, mfalme Dario wa Kwanza wa Uajemi alichongesha habari zake kwa lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielami na Kibabeli. Tazameni ile sanamu ya mwambani. Dario amesimama, upinde mkononi. Mbele yake mateka tisa wamefungwa kamba shingoni, mikono nyuma. Na chini ya mguu wake yupo mtu amelala chali, ameinua mikono kuomba. Huyo ni Gaumata, na maandishi yanamtaja waziwazi: magush, ndilo neno letu majusi kwa Kiajemi cha kale. Mwaka 522 KK alitwaa ufalme akijiita Bardiya, nduguye mfalme Cambyses; Dario akamuua mwaka huohuo akakalia kiti. Mtaniambia mshindi husimulia apendavyo. Kweli, na wapo wanahistoria wanaoamini aliyeuawa alikuwa Bardiya mwenyewe. Kwa neno letu hilo halipunguzi kitu. Dario anasema "magush" bila kufafanua, kwa kuwa watu wake walijua: ni mtu wa makuhani.

Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anawahesabu majusi kuwa kabila mojawapo kati ya sita za Wamedi, watu wa Iran ya kale, na anasema Waajemi hawakutoa sadaka pasipo mmoja wao kusimama na kuimba. Vibao vya udongo vya Persepolis, mji wa wafalme wa Uajemi, vinaonyesha wakipimiwa nafaka na divai za ibada kutoka ghala la mfalme. Posho ya serikali hiyo! Mchawi gani hupewa posho hadharani?

Uchawi umeingia kwa Wagiriki. Waliliita neno hilo magos, na ibada wasiyoielewa wakaiita mageia, yaani uchawi. Sasa fungueni Mathayo 2, kisha Matendo 13. Kwa Kigiriki ni neno moja. Katika Biblia yetu, wale wa Bethlehemu ni mamajusi. Bar-Yesu wa Pafo ni mchawi. Msomaji wa Kiswahili atajuaje kwamba ni neno lile lile? Hili linaniuma.

Sisi tumelipokea kwa Kiarabu, majus, kama lilivyo katika Sura ya Hajj, aya ya 17.

Wala msidhani majusi walitoweka. Kuhani wa Kizoroasta, dini ya kale ya Waajemi, mpaka leo anaitwa mobedi, jina lililotokana na magupati, mkuu wa magush. Akisimama mbele ya moto hufunika mdomo na pua kwa kitambaa cheupe, pumzi yake isije ikautia unajisi.