Sindano ya Mifupa Haisubiri

Naanza na sindano ya denosumabu, dawa ya mifupa iliyodhoofika: isicheleweshwe. Mliokwisha kunisikia mnivumilie. Neno hili nitalirudia hadi nichoke, kwa sababu bado tunaletewa akina mama ambao pingili za mgongo zimebonyea mbili tatu kwa mpigo, na ukiuliza, sindano hiyo walichomwa mara ya mwisho mwaka jana.

Dawa hii ni miligramu 60 chini ya ngozi, kila miezi 6. Inazuia seli zinazokula mfupa. Waliofuatiliwa miaka 10 mifupa yao iliendelea kuimarika. Lakini dawa haikai mfupani. Nguvu yake ikiisha, seli zile huamka kwa kasi kuliko kabla ya tiba, na faida ya miaka kadhaa huyeyuka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mama anainua ndoo, mgongo unakatika ghafla. Wiki chache baadaye, pingili nyingine.

Mtaniambia: “Daktari, si mlisema dawa za mifupa hupumzishwa?” Tulisema, ila za kundi jingine! Alendroneti, kile kidonge cha miligramu 70 cha kila wiki, hujichimbia mfupani na kubaki humo miaka. Utafiti uliochapishwa 2006 uliwachukua wanawake waliokwisha kuitumia takribani miaka 5. Wengine wakaendelea miaka 5 mingine, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Waliovunjika pingili na kuugua kwa hilo walikuwa asilimia 2.4 kwa walioendelea, 5.3 kwa walioacha. Mifupa mingine haikutofautiana sana. Basi pumziko ni la mwenye hatari ndogo. Aliyekwisha kuvunjika nyonga au mgongo msimpumzishe kwa sababu tu miaka 5 imetimia.

Na denosumabu? Haiachwi hivihivi, hubadilishwa. Miezi 6 baada ya sindano ya mwisho, mgonjwa aanze alendroneti au dripu ya asidi ya zoledroniki, dawa ya kundi la alendroneti. Tarehe ijayo mwandikieni mgonjwa na anayemlea pia, maana mara nyingi mwanawe ndiye mwenye kupanga safari na nauli.

Naona naoneshwa saa. Haraka: teriparataidi, dawa nyingine ya mifupa, hujenga mfupa, lakini ikimalizika lazima ifuatwe na dawa ya kuulinda. Mtumiaji wa siku nyingi wa alendroneti au denosumabu akilalamika paja linauma, apigwe picha mapaja yote mawili. Meno mabovu yatibiwe kabla ya kuanza dawa hizo. Ya figo tutayaongea kwenye maswali. Haya, mama pale nyuma.