Kila Hati ya Mirathi Ina Wakati Wake

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kabla hamjasaini karatasi yoyote inayohusu mali yenu, naomba mjiulize jambo moja: hati hii inafanya kazi lini? Nikiwa mzima, nikiwa hai lakini sijiwezi, au nikishafariki? Familia nyingi huingia kwenye ugomvi kwa sababu zilitegemea hati ya wakati mmoja ifanye kazi ya wakati mwingine.

Wosia ndio unaojulikana zaidi. Humo mtu hueleza nani apate nini na nani asimamie mirathi. Lakini maadamu yuko hai, wosia hauna nguvu yoyote, na anaweza kuubadili au kuufuta. Mtoto aliyetajwa kurithi nyumba hawezi kuiweka rehani leo. Hata baada ya kifo, msimamizi hulipa madeni kwanza, warithi hufuata.

Wosia mwingi huharibikia kwenye saini. Sheria ya Wosia ya Uingereza ya mwaka 1837, ambayo kanuni zake zimeenea katika nchi nyingi, inataka mashahidi wawili wawepo kwa pamoja mwenye wosia anapotia saini. Shahidi aliyeachiwa kitu humo, au ambaye mwenzi wake ameachiwa, hukikosa, ingawa wosia wenyewe unabaki halali. Mama anamwita binti yake ashuhudie kwa nia njema kabisa, kumbe anamnyima urithi. Inaniuma kila ninapolifikiria hilo, maana jirani asiyehusika angetosha. Tena kwa sheria hiyo, kuoa au kuolewa kwa kawaida hufuta wosia ulioandikwa kabla ya ndoa.

Na si kila mtu ana uhuru wa kugawa apendavyo. Katika sheria ya Kiislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali inayobaki baada ya madeni. Ufaransa, mwenye watoto watatu au zaidi hana ruhusa ya kuwanyima robo tatu ya mali yake. Kwa hiyo msinakili wosia wa mtu wa nchi nyingine mkadhani utawafaa.

Sasa hati ya uwakilishi. Hii humpa mtu unayemwamini mamlaka ya kushughulikia mambo yako: kulipa bili, kusaini mikataba, kutoa fedha benki. Hapa kuna mtego. Kwa kanuni ya zamani ya sheria ya Kiingereza, hati ya kawaida ya uwakilishi hukoma mara mhusika anapopoteza uwezo wa akili, yaani siku ileile anapoihitaji kuliko siku zote. Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 1985 kuruhusu hati inayoendelea kudumu hata hapo, na nchi nyingine nazo zina zake. Basi someni maneno yake: je, inadumu akili ikidhoofika? Na kwa vyovyote, inakoma mwenyewe anapofariki. Anayekwenda benki na hati hiyo baada ya mazishi hana mamlaka tena, hata kama fedha ni za kulipia gharama za mazishi yenyewe.

Maelekezo ya matibabu ni hati tofauti. California iliyapa nguvu ya sheria mwaka 1976. Yanawaeleza madaktari unachotaka usipoweza kusema, na ni vizuri kumtaja mtu wa kukusemea.

Kuna karatasi ambayo watu huijaza siku ya kwanza kazini na kuisahau: fomu ya mnufaika wa pensheni au bima ya maisha. Mara nyingi fedha hizo hazipiti kwenye wosia kabisa. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mfanyakazi aliyeachana na mkewe bila kubadili fomu ya mpango wake wa akiba. Mke huyo alikuwa ameachilia haki yake kwenye makubaliano ya talaka, lakini mahakama ikasema mpango ulifanya sawa kumlipa yeye, kwa kuwa ndiye aliyeandikwa. Binti wa marehemu alishindwa. Kubadili fomu ile kungechukua dakika chache.

Amana nayo hutumika: mali hukabidhiwa wadhamini waitunze kwa faida ya uliowataja, hasa watoto wadogo. Ila nyumba isipohamishwa kwa jina la wadhamini, hati ya amana haina cha kusimamia.

La mwisho ni uhifadhi. Katika nchi nyingi zinazofuata sheria ya Kiingereza, wosia halisi ukijulikana kuwa ulikuwa mikononi mwa marehemu kisha usionekane, mahakama huanza kwa kudhani aliuharibu makusudi ili kuufuta. Anayepinga ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Msimamizi wako ajue leo wosia ulipo, na mwakilishi wako awe na nakala ya hati yake ungali mzima.

Karibuni kwa maswali.