Roboti mezani, saa ukutani: mhadhara kwa wazazi, walimu na vijana wa Katuba, Lubumbashi

Jambo yenu wote. Walimu wenzangu, baba na mama, na ninyi vijana mliojazana pale nyuma, asanteni kwa kuja na jua hili.

Najua wapo waliokuja wakitarajia kuona roboti ikitembea mezani. Sikuileta. Nataka tuzungumze juu ya mashindano yenyewe, maana roboti isiyo na mashindano huchezewa wiki mbili, kisha inapandishwa juu ya kabati kuota vumbi.

Mashindano yanayojulikana zaidi yalianzia Marekani. Dean Kamen, mvumbuzi aliyetengeneza pampu ya insulini ya kuvaa mwilini, aliunda shirika la FIRST mwaka 1989, na mwaka 1992 timu za kwanza zikapambana katika ukumbi wa shule huko New Hampshire. Alichokiona ni kwamba vijana wanawajua wachezaji wa mpira kwa majina, ila mhandisi hawamjui hata mmoja. Basi uhandisi nao upewe uwanja, mwamuzi, kelele na saa. Hapa kwetu hilo halihitaji maelezo. Msimamishe mtoto yeyote wa mitaa yetu ya Kenya au Kamalondo umuulize kikosi cha Mazembe.

Mechi inachezwaje? Katika daraja linaloitwa FIRST Tech Challenge, timu mbili zinacheza pamoja dhidi ya timu nyingine mbili. Sekunde 30 za mwanzo hakuna mtoto anayegusa kitu. Roboti inajiendesha kwa programu iliyoandikiwa. Baada ya hapo vijana wanashika vidhibiti na kuiongoza kwa dakika 2. Basi. Miezi ya kazi inahukumiwa kwa dakika mbili na nusu.

Hapo ndipo somo linapoingia. Chukueni roboti ndogo ya kufuata mstari mweusi, ile ambayo kila anayeanza huijenga. Chini yake kuna taa ndogo na kihisi kinachopima mwanga unaorudi. Karatasi nyeupe inarudisha mwingi, tuseme 80. Mstari mweusi unarudisha kidogo, tuseme 20. Kijana anaandika: ukisoma chini ya 50, uko juu ya mstari. Nyumbani inakwenda bila kosa. Siku ya mashindano meza imewekwa karibu na dirisha, jua la saa nne limeingia, na mstari mweusi wenyewe unasomeka 55. Roboti haioni mstari popote, inazunguka palepale mpaka muda unakwisha, na ukumbi mzima unacheka.

Mtoto huyo hahitaji tena kuambiwa kwa nini kipimo lazima kisahihishwe mahali pa kazi. Mara ijayo atafika mapema, atapima mweupe na mweusi palepale, atatafuta namba ya katikati, au atakizungushia kihisi kipande cha boksi kizuie jua. Hiyo ni fizikia, ile ile anayoinakili ubaoni kila juma bila kujua inamhusu nini. Na gia vilevile: gia ya meno 12 ikizungusha ya meno 36, mwendo unapungua mara tatu na nguvu ya kuzungusha inaongezeka mara tatu, ukitoa kinachopotea kwa msuguano. Kijana ambaye roboti yake ilishindwa kupanda mteremko mbele ya watu hasahau hesabu hiyo.

Jambo jingine linanipendeza kuliko vikombe. Katika mechi za kufuzu, unayecheza naye sasa hivi unaweza kupambana naye baada ya saa moja. Fikirini Mazembe na Lupopo wanavaa jezi moja asubuhi, jioni wanakutana uwanjani. (Naona wengine wanatikisa kichwa!) Woodie Flowers, profesa wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani aliyeyalea mashindano haya tangu mwanzo, alisisitiza kushindana kwa nguvu zote huku ukimheshimu mpinzani. Ndiyo maana utakuta timu inamwazima mpinzani wake betri dakika chache kabla ya kukutana naye.

Mwaka 2017 yalifanyika Washington mashindano ya kwanza ya FIRST Global, kila nchi timu moja. Wasichana kutoka Herat, Afghanistan, walinyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa. Mwaka 2020, Covid ilipofika kwao, wasichana wa timu hiyo ya Herat walitengeneza mashine ya kusaidia kupumua kwa kutumia vipuri vya Toyota Corolla. Corolla, ndugu zangu! Hesabuni ziko ngapi hapo nje.

Gharama sitaificha: maboksi ya roboti yanayouzwa ng'ambo ni ghali, na mzazi asikope kwa ajili hiyo. Anzeni na printa mbovu. Ndani yake kuna mota, gia, mikanda na vyuma vilivyonyooka, na nyuzi za mota hizo ni shaba. Tunaishi juu ya shaba, na nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, lakini vijana wetu wengi hawajawahi kufungua mota waone inavyofungwa. Hilo linaniudhi kuliko delestaji ya umeme. Kwa programu, kuna kibao kidogo cha kielektroniki kiitwacho micro:bit, ambacho Uingereza iliwagawia wanafunzi karibu milioni moja mwaka 2016. Kinatumia betri mbili ndogo na kinaweza kuandikiwa programu kwa simu, kwa hiyo umeme ukikatika kazi inaendelea.

Wazazi na walimu, neno moja gumu. Msiwajengee. Majaji huwahoji watoto wenyewe: programu hii nani aliandika, kwa nini gia hii? Roboti ya baba inajulikana mara moja.

Mama wa pale mbele ameuliza kama binti yake wa miaka 10 bado ni mdogo. Hapana, mama. FIRST LEGO League huwapokea wa umri huo kwenye meza ya mashindano, na wadogo zaidi wana ngazi yao. Mlete Jumamosi, na kama nyumbani kuna printa iliyokufa, aje nayo.