Kupanda Steep Hill: nyumba za mawe za Lincoln na wenyewe waliofukuzwa

Asanteni, kaeni tu, wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Wazee wangu shikamooni, na wengine habari za saa hizi. Nimeombwa niongelee majengo ya kale ya Uingereza, sa nikaona nikianza na Uingereza yote tutalala hapa, kwa hiyo nawapeleka mtaa mmoja tu wa mji mmoja, Lincoln, ule mji wenye kanisa kuu lililokaa juu ya kilima, unaliona kwa mbali kabla hata treni haijafika.

Ukitoka stesheni unashika High Street kuelekea kaskazini. Kwanza utavuka mto Witham kwenye daraja linaitwa High Bridge, la kama mwaka 1160, na juu ya daraja kuna nyumba za mbao za karne ya 16, yani nyumba kabisa, ukiwa ndani unakunywa chai husikii wala huoni kama maji yanapita chini yako. Mbele kidogo unapita chini ya lango la Stonebow, madiwani wa mji bado wanakutana humo juu, na kengele ya kuwaita kikaoni ni ya 1371. Basi hapo msikae sana, piga picha twende.

Baada ya hapo barabara inaanza kubana, na kipande hicho jina lake ni The Strait, maana yake ndo hiyohiyo, pembamba. Gari hazipandi, ukuta huku ukuta kule, alafu kilima kinaanza kukushika magoti. Na hapo mkono wa kushoto ndo kuna nyumba niliyokuja kuwasimulia.

Inaitwa Jew's House, nyumba ya Myahudi. Ya katikati ya karne ya 12, kwa hiyo ina zaidi ya miaka 800 na bado inatumika, nilivyoenda mimi ilikuwa mgahawa. Angalieni mlango wake. Juu ya mlango kuna tao limechongwa nakshi za kusukana, alafu juu ya tao, palepale, ndo kuna dohani, bomba la moshi limebebwa na tao la mlango! Mi mara ya kwanza nilidhani fundi alikosea. Kumbe sebule yenye moto ilikuwa ghorofani, chini ni biashara, familia inaishi juu. Wenzangu wa Unguja na Lamu hapo hamhitaji maelezo, na hata swali la mtu gani anajenga kwa mawe mnalijua, nyumba ya mawe si ya kila mtu.

Lincoln ya wakati huo watu wengi walikuwa kwenye nyumba za mbao na udongo, moto ukiwaka mtaa mzima umeisha. Sasa mtu ambaye mali yake ni fedha, vyombo vya rehani na hati za madeni, huyo analala vipi kwenye nyumba ya mbao? Wayahudi wengi wa pale kazi iliyobaki kwao ilikuwa kukopesha, kwa sababu kanisa lilikuwa linawakataza Wakristo kutoza riba, na Myahudi naye kwenye vyama vya mafundi na wafanyabiashara hapokelewi. Lakini hela kila mtu anaitaka, mfalme anaitaka, maaskofu wanaitaka, watawa wanaojenga makanisa makubwa ndo usiseme.

Mkubwa wao aliitwa Aaron wa Lincoln. Alikopesha mpaka monasteri za Kanisa, tena nyingi tu, kwa hiyo mkiona kuta zile refu za mawe huko Uingereza mkasema jamani imani ya watu wa kale, sawa ni imani, ila ni na mkopo. Alipofariki 1186 mfalme Henry II akachukua mali yote. Hela taslimu zikapakiwa meli kwenda Ufaransa kwenye vita, meli ikazama! Na madeni yakabaki, karibu pauni 15,000, wadaiwa zaidi ya 400, ikabidi hazina ya mfalme ifungue ofisi maalum ya madeni ya Aaron peke yake. Yani marehemu mmoja, ofisi nzima.

Ukipanda mita chache zaidi, sasa umeshaingia Steep Hill yenyewe, kuna chuma cha kushikilia ukutani na msione aibu kukishika, kuna nyumba nyingine ya mawe ya karne hiyohiyo. Kwa miaka mingi iliitwa nyumba ya Aaron. Siku hizi inaitwa Norman House, kwa sababu wataalamu walichunguza wakaona hakuna ushahidi kwamba aliishi humo. Kisomi wako sahihi, sibishani. Ila mi moyoni inanikereketa kidogo, maana jina la Aaron likishatoka pale, mgeni anapita anaona ni nyumba nzuri ya kale basi, hajui kilimani hapo kulikuwa na watu gani.

Na watu hao yaliwakuta. 1255 mtoto mmoja anaitwa Hugh alikutwa amekufa kisimani, uvumi ukaenea kwamba Wayahudi wamemuua kwa ajili ya ibada yao. Uongo mtupu. Mfalme Henry III akaja mwenyewe Lincoln, Wayahudi kama 90 wakapelekwa London, 18 wakanyongwa. Alafu 1290 mfalme Edward I akawafukuza Wayahudi wote nchini. Ile Jew's House wanaitaja kuwa ya mama mmoja, Belaset wa Wallingford, naye alinyongwa kipindi hichohicho kwa kosa la kukata kingo za sarafu, yani kumega madini yake, nyumba ikachukuliwa. Na mwaka huohuo, mwezi Novemba, malkia Eleanor, mke wa Edward, akafariki Harby, kijiji si mbali na Lincoln, akafanyiwa matanga ya kifalme, mumewe akamjengea misalaba ya mawe kuanzia Lincoln mpaka London. Malkia mwenyewe alikuwa mnunuzi maarufu wa madeni ya Wayahudi, ndo njia aliyopatia mashamba.

Sa nije kwenye kisima, maana hii ndo iliyonifanya nikubali kuja kuongea leo. Ubavuni mwa Jew's House kuna Jews' Court, jengo la mawe pia. Mwanzoni mwa karne ya 20 wageni walikuwa wanaonyeshwa kisima humo ndani, wanaambiwa ndo kile cha mtoto Hugh, na wanalipa. Baadaye akajitokeza mfanyakazi akasema kisima hicho kakichimba yeye, alilipwa akichimbe! Miaka mia sita na zaidi imepita, Wayahudi walishafukuzwa wakarudi, na bado kuna mtu anatengeneza hela kwa uongo uleule. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka alafu nikaacha kucheka.

Kule juu kwenye kanisa kuu, mabaki ya kaburi la huyo mtoto Hugh yapo, ubavu wa kusini. 1955 kanisa liliweka kibao pale kinachosema wazi kwamba hadithi zile zilikuwa za kutungwa, zimeua watu wasio na hatia, na si jambo la kujivunia. Ni kidogo, ukiwa na haraka unakipita. Msikipite.

Mkimaliza kanisa, kama miguu bado ipo, endeleeni na mtaa wa Bailgate mpaka Newport Arch, lango la Warumi, magari bado yanapita chini yake, na 1964 lori moja lilinasa humo. Vaeni raba tu, mawe yale mvua ikinyesha yanateleza balaa. Haya, maswali, naona mama pale mkono uko juu muda mrefu, karibu mama.