Ngozi ya Plastiki na Seli Zinazoijia

Wazee wangu, shikamooni. Wanafunzi, habari za mchana.

Ninyi mliotoka Rungwe mnalijua jani la gimbi: mvua inyeshe itakavyo, matone yanajiviringa na kuporomoka, jani linabaki kavu. Polistirini, plastiki inayotengenezewa vyombo vya kuoteshea seli maabara, nayo haipatani na maji, ingawa haifikii gimbi. Ukiziweka seli za mfupa au za ngozi juu yake ikiwa ghafi, nyingi hushindwa kujishikiza, na seli za aina hiyo zikikosa pa kujishikiza hufa.

Hapa naomba twende polepole, kwa sababu wengi tunadhani seli inaigusa plastiki yenyewe. Sivyo. Plastiki ikishaingia mwilini, au ikishaguswa na majimaji ya kuoteshea seli, protini huwahi, ndani ya sekunde chache tu, zikatanda juu yake. Seli hufika baadaye na kukuta tando hilo. Basi la kuuliza ni protini zipi zimetua, na zimetua zikiwa na umbo gani. Fibronektini, protini inayosaidia seli kujishikiza, ikitua vizuri huacha wazi kipande kifupi cha asidi amino tatu: ajinini, glisini na asidi aspatiki. Mwaka 1984 watafiti Pierschbacher na Ruoslahti, wakiwa Marekani, walionyesha kwamba kipande hicho ndicho seli inachokishika. Juu ya uso usiopenda maji, fibronektini huharibika umbo na kipande hicho kinaweza kufichika. Albumini, protini iliyo nyingi katika damu, nayo hung'ang'ania nafasi na haibanduki kwa urahisi.

Dawa yake haidai tubadili plastiki nzima. Kiwandani chombo hupitishwa kwenye plazima, yaani gesi iliyochajiwa kwa umeme (msiichanganye na ile ya damu), na nanomita chache za juu hupata vikundi vya oksijeni vinavyopenda maji. Tone la maji lililokuwa limesimama sasa hutandaa, na seli hushika. Ugumu wa chombo na uwazi wake havibadiliki. Kwangu huu ndio uzuri mkubwa wa fani hii ya kubadili uso wa plastiki.

Lakini msidhani uso bora siku zote ni ule unaovutia seli. Mshipa bandia wa damu wenye kipenyo kisichofika milimita 6 huziba mara nyingi kwa sababu damu hugandia ndani yake. Mpira wa mkojo hutandwa na bakteria. Huko tunataka vitu visishike, kwa hiyo hupandikizwa minyororo ya polietilini glikoli, inayojishibisha maji na kuzuia protini kutua. Naye Harold Ridley, daktari wa macho Mwingereza, alipoweka lenzi ya akriliki (plastiki angavu kama kioo) ndani ya jicho la mgonjwa London mwaka 1949, hakuhitaji kuipaka kitu. Alikwisha kuona vipande vya akriliki ya vioo vya ndege za vita vikikaa kwa utulivu machoni mwa marubani. Ndiyo maana mtu akiniambia plastiki fulani "inakubaliwa na mwili", humuuliza: sehemu gani ya mwili, na ikafanye kazi gani?

Kuna jambo moja linalowaangusha wengi. Silikoni iliyotoka kwenye plazima haidumu na hali hiyo. Ikikaa hewani saa au siku kadhaa, minyororo midogo isiyofungwa hupanda juu, vikundi vya oksijeni hugeukia ndani, na uso huanza kukataa maji tena. Kama mnataka kupandikiza kitu juu yake, pandikizeni mapema.

Wanafunzi wa hapa Mbeya mnaweza kuanza na vifaa vichache: bomba la sindano, maji safi yaliyokenekwa, na simu yenye kamera. Dondosheni tone, lipigeni picha kwa ubavu, pimeni pembe ambayo tone linafanya na uso. Rudieni sehemu kadhaa za kipande kimoja, kisha rudieni kesho yake. Tone litawaambia habari ya maji peke yake. Za protini na seli zinahitaji vipimo vyake, na hapo ndipo hadubini inapoingia.